Imenikaa au imenikataa? Namna ya kuomba ushauri unaponunua nguo za kila siku za mwanaume mjini Goma

Ukimwuliza muuzaji wa Birere au wa soko la Virunga kama suruali imekukaa, jibu unalijua hata kabla hajafungua kinywa: "Imekukaa kabisa, mkubwa, kama walikushonea wewe." Ndiyo kazi yake, na ana watoto wa kulisha. Ukimtumia rafiki picha kwa WhatsApp na kumwandikia "Unaonaje?", atakurudishia dole gumba na neno moja, "Safi". Jioni unafika nyumbani, unaketi, na mshono wa katikati ya miguu unakubana mpaka unatafuta sababu ya kusimama.

Ushauri mzuri upo hapa Goma, tena ni wa bure. Kuna mafundi wa kushona karibu kila mtaa, kuna mama na vijana waliofungua balo (marobota) za nguo za mitumba miaka mingi, kuna ndugu wenye umbo kama lako waliokwisha kupoteza pesa kwenye nguo ile ile unayoitaka. Kinachokosekana mara nyingi ni swali. Mtu hawezi kukushauri juu ya shati asilojua litafanya kazi gani, litavaliwa juu ya mwili wa vipimo gani, wala litafuliwa vipi. Mwongozo huu ni wa shati, tisheti, jinzi, kadeti na jaketi za kutembelea na za kazi ya kila siku. Suti ya harusi ina mambo yake.

Hatua ya 1: Sema nguo itafanya kazi gani

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye simu sentensi moja au mbili. Mfano: "Natafuta suruali ya kuvaa kazini. Kila asubuhi napanda pikipiki kutoka Ndosho hadi mjini, nasimama darasani nusu siku, nguo zinafuliwa kwa mikono Jumamosi, na viatu nilivyo navyo ni vyeusi." Ukimpa fundi au rafiki sentensi hii, tayari ameanza kuona vitu ambavyo wewe hujaviona. Atakuuliza kama una jozi nyingine ya kubadilisha. Atakwambia kwamba rangi ya maziwa haitafika Jumatano.

Mji wetu una masharti yake, na mshauri wa mbali hayajui. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na mpaka leo tunajenga na kutembea juu ya makoro, mawe ya lava iliyopoa. Mawe hayo yanakwaruza: upindo wa suruali unaoburuta chini unaisha haraka kuliko goti, na mkono wa shati ukigusa ukuta wa makoro mara kwa mara unatoka nyuzi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaleta vumbi jeusi, mvua nayo inaleta matope. Tuko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwa hiyo asubuhi na jioni kuna baridi ya kweli, hasa mbele ya pikipiki. Jaketi linalokukaa vizuri juu ya tisheti peke yake litakushinda siku utakayotaka kuvaa sweta ndani. Mwambie mshauri wako mambo haya hata kama anaishi Himbi, mtaa wa wenye magari, maana mtu anayesafiri kwa gari hafikirii upepo.

Jambo moja halihitaji ushauri wa mtu: nguo yenye mabaka ya kijeshi iache pale pale, hata iwe nzuri na bei yake ya chini. Hapa kwetu itakuletea maswali barabarani.

Hatua ya 2: Pima nguo unayoipenda, kisha pima mwili

Watu wengi wanapima kiuno tu. Kiuno ndicho kipimo kinachorekebishika kwa urahisi, kwa hiyo ndicho chenye faida ndogo zaidi unapoomba ushauri.

Chukua suruali yako bora, ile ambayo mkono wenyewe unaishika unapofungua kabati. Ilaze juu ya meza, inyooshe bila kuivuta, ufunge kifungo. Kwa mita ya fundi pima ukanda kutoka upande mmoja hadi mwingine, uzidishe mara mbili. Pima paja, sentimita mbili au tatu chini ya pale miguu miwili inapokutana. Pima mguu kwa ndani, kutoka hapo inapokutana hadi upindo. Pima upana wa mdomo wa chini. Halafu kipimo ambacho karibu kila mtu anakisahau: kutoka mshono wa katikati ya miguu kupanda mbele hadi juu ya ukanda, na vilevile kwa nyuma. Hicho ndicho kinachoamua kama utaketi kwa amani. Suruali mbili zinaweza kuwa na kiuno kile kile na urefu ule ule, moja ikakukaa na nyingine ikakukataa, kwa sababu ya sentimita tatu tu za hapo mbele.

Kwa shati, lilaze limefungwa vifungo. Pima kwapa hadi kwapa, uzidishe mara mbili. Mshono wa bega hadi mshono wa bega. Mkono kutoka mshono wa bega. Na mgongo kutoka chini ya ukosi hadi mwisho. Kisha pima kifua chako mwenyewe. Shati la kitambaa kisichonyumbuka likizidi kifua chako kwa sentimita 8 hadi 12 linakupa nafasi ya kupumua na kunyoosha mikono. Likizidi kwa 4 tu, vifungo vitaanza kulia. Tisheti inaweza kukaa karibu zaidi kwa sababu inavutika.

Namba zote hizi zihifadhi kwenye simu. Muuzaji wa WhatsApp akikutumia picha ya jinzi, usimwulize "Ni saizi ngapi?" Mwombe ailaze chini aweke mita juu yake apige picha: ukanda, paja, na kutoka katikati ya miguu hadi juu. Anayekataa kufanya hivyo amekupa jibu.

Lebo itazame kama dokezo tu. W32 L32 kwenye jinzi ni inchi, na inchi 32 ni sentimita 81 hivi, lakini viwanda vingi huandika namba ndogo kuliko kiuno halisi cha nguo ili mnunuzi afurahi. Jaketi la namba 50 la Italia ni la kifua cha sentimita 100 hivi, karibu sawa na 40 ya Uingereza au ya Marekani. Shati lenye 39 kwenye ukosi ni sentimita, na lile lenye 15½ ni inchi. Shingo ni karibu ile ile. XL iliyoshonwa kwa soko la Asia mara nyingi ni L ya Ulaya, na XL ya Marekani inaweza kumeza mtu. Balo moja linachanganya yote hayo, pamoja na nguo ambazo mwenyewe wa kwanza alizipunguza kwa fundi wake bila kugusa lebo.

Hatua ya 3: Jua kinachorekebishika

Hapa ndipo swali kwa fundi linapookoa pesa. Badala ya kumwuliza kama nguo ni nzuri, mwulize, "Hapa utaweza?" huku umeshika mahali penyewe.

Urefu wa mguu: kupunguza ni kazi ndogo. Mikono ya shati ya kawaida: inapunguzika, ila fundi lazima ahamishe kofi la mkono (kile kipande cha mwisho chenye kifungo) au akubali mpasuko kuwa mfupi. Kiuno cha kadeti: kuingiza sentimita tatu au nne kwenye mshono wa nyuma hakuna shida, ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na suruali nzima inapinda. Mbavu za shati pana: zinaingia kirahisi, na shati la bei ya chini likitiwa hivyo linabadilika kabisa.

Bega ndilo tatizo. Mshono wa bega unatakiwa kukaa pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka chini kwenye mkono, kurekebisha maana yake ni kung'oa mkono mzima, kukata, kurudisha. Kwa shati la kila siku gharama hiyo haina faida. Ukiwa ndani ya mfupa, hakuna fundi atakayekuongezea. (Kuna mashati na tisheti zilizokatwa kwa makusudi ili bega lianguke. Hizo mshono wake huanguka sawasawa pande zote mbili, na mwili wake ni mpana na mfupi kidogo. Ukiona bega limeanguka na urefu unafika katikati ya paja, hiyo ni saizi kubwa tu.)

Umbali kutoka katikati ya miguu hadi ukanda nao hauongezwi. Paja linalobana kwenye jinzi halitoki, kwa sababu mishono ya jinzi hukunjwa na kushonwa mara mbili bila kitambaa cha akiba. Kadeti na suruali za kitambaa mara nyingi zina akiba. Geuza nguo ndani nje, tazama mshono wa nyuma: ukiona sentimita mbili za kitambaa kila upande, fundi ana pa kushika. Piga picha ya hapo ndani umtumie. Fundi anayekujua atakujibu kwa sekunde.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa mwendo wako

Sokoni watakushauri uzungushe ukanda wa suruali shingoni: ncha zikikutana kisogoni, kiuno kimefika. Njia hiyo inakadiria kiuno peke yake. Haijui paja lako, haijui makalio. Siku ya kwenda sokoni vaa bukta nyembamba ya michezo chini ya suruali pana, ili uweze kujaribu pembeni ya kibanda bila aibu. Wauzaji wengi watakushikia kitambaa ukiwaomba kwa adabu: "Mama, samahani, nisaidie nijaribu mara moja."

Halafu panda pikipiki. Nasema kweli, kama hakuna pikipiki karibu, kaa juu ya balo au benchi, miguu upana ule ule, mikono mbele kama umemshika motari. Hapo nguo inasema kila kitu. Mgongo unabaki wazi? Kipimo cha nyuma, kutoka katikati ya miguu hadi ukanda, ni kifupi. Mifuko ya pembeni inafunguka kama masikio? Nyonga zinabana. Upindo umepanda mpaka katikati ya muundi? Suruali uliyoiona ndefu ukiwa umesimama ni fupi kwa maisha yako. Simu ndani ya mfuko inachoma nyonga? Utaihamishia mkononi, na simu ya mkononi kwenye pikipiki si yako kwa muda mrefu. Shati nalo: nyosha mikono mbele. Likivuta katikati ya mgongo na ukosi ukakufuata shingoni, halina nafasi.

Ukisimama tena, mtu akutazame mikunjo. Mistari inayotoka kwenye kifungo ikifanya umbo la X, hapo kuna kubana. Mistari ya kulala inayotoka katikati ya miguu kwenda kwenye nyonga, hapo pia. Kitambaa kinachoning'inia chini ya makalio, suruali imezidi. Mistari ya kulala chini ya ukosi kwa nyuma inaonyesha mabega yako yameinuka kuliko yale ambayo shati lilikatiwa, na kwa shati la kila siku hilo vumilia.

Hatua ya 5: Tuma picha zinazosema ukweli

Picha ya kujipiga mwenyewe mbele ya kioo haisaidii. Simu ikiwa juu, miguu inakuwa mifupi na kifua kikubwa. Mpe mtu simu aishike usawa wa kiuno chako, asimame hatua tatu nyuma. Mbele, pembeni, nyuma, mikono imeachwa chini, tumbo halijavutwa ndani. Picha ya nne umeketi. Vaa viatu utakavyovivaa kweli, tafuta mwanga wa mchana usio wa jua kali, na usisimame dhidi ya ukuta mweusi wa makoro ukiwa na suruali nyeusi.

Chini ya picha andika urefu wako, uzito, ile sentensi yako ya kazi, na swali moja lenye mahali: "Angalia bega la kulia, limefika?" au "Nikipunguza mguu sentimita mbili, mdomo wa chini utafunika kiatu?" Swali lenye mahali hupata jibu lenye mahali.

Hatua ya 6: Kila mtu na swali lake

Muuzaji anajua mzigo wake. Mwulize kama ana nyingine ya aina hiyo, kama kitambaa hiki wateja wamekirudisha kwa sababu ya kuchuja, na kama unaweza kubadilisha kesho ikikukataa. Maswali haya atayajibu kwa ukweli zaidi, kwa sababu anakutaka urudi. Mama mzoefu unaweza kumwambia, "Mama, ungekuwa unamnunulia kijana wako anayepanda moto (pikipiki) kila siku, ungechukua hii au ile?" Kumpa mbili achague ni bora kuliko kumwomba aisifu moja.

Fundi anajua mishono. Anayefua nguo nyumbani, awe wewe, dada au mfanyakazi, anajua kitambaa kipi kinakataa kukauka wakati wa mvua na ukosi upi haung'ai tena. Mtu mwenye umbo lako na kazi yako ana ushauri wa thamani kuliko wote. Mtafute huyo hata kama hajui mitindo.

Na wapenda mavazi je? Nchi iliyomlea mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki 2016, haikosi watu wenye jicho. Rafiki yako wa Sape, wale wanaovaa kwa mitindo ya kuonekana, atakuonyesha rangi zinazozungumza pamoja na namna urefu wa shati unavyokata mwili, na hapo msikilize kwa makini. Lakini amezoea nguo ya kuonekana Jumapili, na wewe unatafuta ya kuvumilia juma zima, kwa hiyo mwulize rangi na umbo, uvumilivu mwulize fundi.

Kwetu mtu haoni vizuri kumwambia mwenzake uso kwa uso kwamba nguo imemkataa, hasa mdogo kwa mkubwa. Ukitaka ukweli, fungua mlango wewe, hata kwa yaya (kaka au dada yako mkubwa): "Yaya, nitajie kitu kimoja usichokipenda kwenye shati hili." Umemwondolea uzito wa kukukosea heshima. Wadogo zako wanahitaji ruhusa hiyo zaidi.

Watu wawili au watatu wanatosha. Ukiuliza kundi zima la WhatsApp utapata kelele.

Hatua ya 7: Kitambaa, na mahali nguo inapofia

Ulizia kitambaa kama unavyoulizia saizi. Jinzi nyingi za kazi zina uzito wa aunsi 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba, yaani gramu 400 hadi 475 hivi kwa mita ya mraba. Hutabeba mizani sokoni, lakini mkono unazoea: ikunje, ukiona inarudi taratibu na ina mwili, ni nzito. Nzito inavumilia makoro na upepo, ila kipindi cha mvua inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili. Elastini, nyuzi zinazovutika, ya asilimia 1 au 2 inasaidia kuketi. Ikizidi sana, magoti yanavimba na hayarudi, na maji ya moto yanaiua. Tisheti ya gramu 180 kwa mita ya mraba inashika umbo. Iliyo nyepesi sana, ukiinua mbele ya jua unahesabu vidole vyako.

Kwa mitumba fuata njia hii: inua suruali mbele ya mwanga utazame katikati ya miguu. Hapo ndipo jinzi inapokufa, kitambaa kinakuwa chembamba kabla hakijatoboka. Baadaye magoti, pembe za mifuko, zipu mpaka mwisho, na makwapa ya shati yaliyokauka kwa mafuta ya manukato. Pembe za mifuko ni udhaifu wa zamani sana: mwaka 1873 Levi Strauss na fundi Jacob Davis walipata hataza Marekani ya kuziimarisha kwa riveti za chuma, kwa sababu suruali za vibarua zilikuwa zinachanikia hapo. Tazama kama riveti zipo na kama kitambaa kinachozizunguka hakijaanza kukatika.

Hatua ya 8: Pima ushauri, kisha lipa

Watu wawili ambao hawajaongea wakikutajia mahali pale pale, mfano bega, amini. Mmoja akitaja rangi na mwingine akaisifu, hapo ni ladha, amua wewe. Anayekwambia "chukua kubwa, utanenepa" anakushauri juu ya mwili usio nao leo. Anayekwambia "fundi atarekebisha" mwombe atabiri bei ya fundi, kisha ijumlishe na bei ya nguo kabla ya kuanza kujadiliana. Mara nyingi ile ya pili, ya bei ya juu kidogo lakini bega limefika, inakuwa ya bei ya chini.

Majibu yakichelewa na muuzaji anakuharakisha, mwombe akuwekee hadi saa kumi na umwachie kitu kidogo. Akikataa, ondoka, kesho kutafunguliwa balo jingine.

Hatua ya 9: Fua kwanza, kata baadaye

Usipeleke suruali ya pamba mpya kwa fundi siku ile ile. Ifue mara moja na uikaushe kabisa. Pamba ikirudi, yaani ikisinyaa, kwa asilimia 3, mguu wa sentimita 80 unapoteza zaidi ya 2, na fundi hawezi kurudisha alichokata. Nguo ya mitumba imekwisha kusinyaa ilipofuliwa na mwenyewe wa kwanza. Hiyo ifue kwa ajili ya usafi tu.

Kwa fundi, vaa viatu vyako, simama wima atie pini, kisha ukae kama uko juu ya pikipiki atazame tena upindo umefika wapi. Mwombe aache sentimita tatu za kitambaa ndani badala ya kukata zote. Baada ya kufua mara tatu au nne, mpigie aliyekushauri umwambie bega limekaaje, rangi imechuja kiasi gani, magoti yamevimba au la. Safari nyingine akikutazama picha zako atakuwa anajua nguo zinakutenda nini.